KUTEMBEA SI ALAMA YA SHIDA

Tarehe 15 Septemba mwaka 2025, huko Tokyo katika nchi ya Japani, Ndugu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, aliingia uwanjani akimfukuzia kwa karibu Mjerumani Amanal Petros, baada ya wote wawili kuacha nyuma yao zaidi ya kilomita 40 za mbio za marathoni. Walivuka mstari pamoja. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikawapasa waamuzi kuitazama picha kabla ya kumtaja mshindi, na mshindi akawa Simbu kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano ya riadha ya ubingwa wa dunia tangu yalipoanza mwaka 1983.

Furaha tuliyoipata siku ile ilikuwa ya haki, wala haijatutoka. Walakini furaha ya siku moja haimfundishi mtoto kukimbia. Watoto wengi waliomtazama Simbu katika televisheni na katika simu za wakubwa wao walikuwa wamekaa walipomtazama, na walipokwisha kumtazama waliendelea kukaa. Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kulizungumza leo na ndugu wasomaji, hasa wale walio wazazi. Ni kitu gani kimfanyacho mtoto apende kuutumia mwili wake, na aendelee kuupenda utumishi huo hata atakapokuwa mtu mzima mwenye mshahara na kiti chake ofisini? Sisi twaona kwamba kitu hicho hakitoki Tokyo, wala hakitoki katika mawaidha. Chatoka katika neno dogo ambalo mtoto hulisikia nyumbani kabla hajajua kusoma, nalo ni neno "sisi".

Tuichukue Mitundu iwe mfano wetu. Kwa asiyeijua, Mitundu iko kusini mwa Itigi, katika Wilaya ya Manyoni, kwenye njia iendayo Rungwa. Ni nchi ya vichaka na miombo, nchi ya nyuki, yenye msimu mmoja wa mvua ambao huanza karibu na mwezi wa Novemba ukaisha Aprili. Wakimbu ndio wenyeji wa zamani wa pande zile, lakini leo utawakuta huko pia Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi, Wataturu, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Kila jamaa imekuja na "sisi kwetu" yake. Huyu atakwambia, "Sisi kwetu mtu halali kama ndama hajaonekana", yule atasema, "Sisi kwetu chakula hakiombwi, hulimwa." Upo mti wa miombo uitwao mtundu, ambao warina asali huupenda kwa ajili ya maua yake, na katika Kiswahili mtoto asiyetulia huitwa mtundu vile vile. Sidai kwamba maneno hayo mawili yana nasaba, ila naona jina hilo lawafaa watoto.

Sasa, mzazi wa Mitundu akisikia kwamba gazeti lamhimiza kumzoeza mwanawe viungo, atacheka, na atakuwa na haki ya kucheka. Mwanawe huamka kabla ya jua, huchota maji, huenda shuleni kwa miguu, hurudi kwa miguu, na mchana ukipungua huwafuata mbuzi porini au hushika jembe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema kwamba mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate kila siku, kwa wastani, dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kadiri au zaidi. Dakika 60! Mtoto wa shamba aweza kuzimaliza kabla ya kengele ya kwanza ya shule. Shirika hilo hilo lilipofanya hesabu zake za mwaka 2016 liliona kwamba vijana wapatao wanne katika kila watano duniani, wa umri wa miaka 11 hadi 17, hawakifikii kiasi hicho. Kwa hiyo mtoto wa Mitundu ana mali ambayo watu wa miji mikubwa huitafuta kwa fedha, wakalipa ada ili waruhusiwe kukimbia juu ya mashine isiyokwenda popote.

Lakini mali hiyo ina ufa, na ufa huo tumeutia sisi wenyewe wazazi. Sikiliza tunavyosema na watoto wetu. Mtoto akilalamika kwamba njia ya shule ni ndefu, baba humjibu: "Soma kwa bidii, mwanangu, usije ukatembea kwa miguu kama mimi." Maneno hayo hutoka katika upendo. Lakini mtoto ana akili, ayapima, na afahamu kwamba kutembea ni adhabu ya maskini, na kwamba heshima ya mtu aliyefanikiwa ni kukaa. Basi husoma kwa bidii kama alivyoagizwa. Hufika Itigi, au Dodoma, au Dar es Salaam, hupata kazi, na fedha ya kwanza ya ziada huitumia kuyatimiza maagizo ya baba yake. Hapandi tena ngazi, wala haendi dukani ila kwa bodaboda. Wanawe hubebwa kwa basi la shule kutoka mlangoni hadi mlangoni, jioni hupewa simu wanyamaze. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba kadiri ya mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja katika kila kumi na moja alikuwa na kisukari. Maradhi hayo yana sababu nyingi, lakini kukaa ni mojawapo, na kukaa huko wengi wetu tulikutamani tangu utotoni.

Hatari ya mtoto wa Mitundu, basi, haiko leo. Iko miaka ishirini mbele, siku atakapopata nafuu. Mwendo wake wote ulikuwa wa lazima, na lazima ikiondoka, mwendo nao huondoka. Mtoto aliyetembea kwa sababu hakuna gari, akipata gari ana sababu gani ya kutembea? Lakini yule aliyetembea kwa sababu "sisi wa nyumba hii tu watu wa mwendo", huyo akipata gari atalipanda siku ya mvua, na siku ya kiangazi atatembea, kwani asipotembea atajiona amehama kwao.

Yawezekana msomaji akafikiri kwamba jambo hili la "sisi" ni gumu kulipanda katika moyo wa mtoto. Si gumu hata kidogo. Twalipanda kila siku pasipo kujua. Tazama Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, zote Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Mitundu. Lakini nenda katika kijiji chochote cha nchi hii ukamwulize mtoto wa miaka sita yeye ni nani, atakwambia pasipo kusita kwamba yeye ni Simba, au yeye ni Yanga. Hakusema "napenda", amesema "mimi ni". Nani alimhubiria? Hakuna. Alizaliwa akakuta baba avaa jezi siku ya mchezo, akakuta mama naye ana maneno yake ya kumtania jirani, akasimuliwa mabao yaliyofungwa kabla hajazaliwa, akahesabiwa miongoni mwa walioshinda na miongoni mwa waliofungwa. Mafundisho yakaisha. Hata akienda kuishi ng'ambo atabaki na timu ya kwao.

Hiyo ndiyo nguvu ninayoisema. Kasoro yake ni moja tu, kwamba imeishia machoni na mdomoni, haikushuka miguuni. Nyumba nzima yaweza kuwa Yanga kwa vizazi vitatu, na asiwepo humo aliyepiga mpira mwaka huu isipokuwa mtoto wa darasa la pili na mpira wake wa matambara. Baba hulipa kiingilio katika kibanda cha kuonyeshea mpira, mwana humfuata, wote wawili hukaa juu ya benchi dakika 90 na nyongeza yake. Ningependa kuona baba huyo akitoka kibandani na kwenda moja kwa moja kiwanjani pamoja na mwanawe, wakacheze japo nusu saa, yeye akiwa golini kama pumzi haimtoshi. Mtoto atakuwa amepata jambo ambalo hakuna kibanda kimpacho. Ameona kwamba kuwa mtu wa mpira maana yake ni kuucheza.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, na walikuwa na njia zao. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vimeshindana tangu karne ya kumi na tisa, na wengi hufuata upande wa jamaa zao. Kila mwaka baada ya mavuno, mwezi wa Juni, huonyeshana uhodari katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza. Miongoni mwa ngoma zao imo bugobogobo, ambayo wachezaji wake hushika majembe. Lifikirini jambo hilo, ndugu zangu. Jembe ndicho chombo cha jasho, chombo ambacho baba wa leo amwombea mwanawe aepukane nacho. Lakini hao walilichukua jembe lile lile wakalirusha juu, wakalidaka, wakalizungusha kwa mdundo wa ngoma, na mtoto aliyekuwa akitazama akatamani siku ambayo naye ataruhusiwa kulishika. Kazi ilikuwa ile ile ya mikono na mgongo, ila sasa ilikuwa na jina, ilikuwa na upande, ilikuwa na watazamaji. Wagogo nao wana ngoma zao, na wengi wetu twakumbuka jinsi Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alivyowaachia jamaa zake zeze na uchezaji, wakaendelea navyo kana kwamba ni shamba la urithi.

Katika michezo ya siku hizi mambo ni hayo hayo. Ndugu watatu wa ukoo wa Matumla, Rashid, Mbwana na Hassan, wote walikuwa mabondia, na Mohamed mwana wa Rashid naye akapanda ulingoni. Huko Ethiopia, nyumba moja ya pande za Bekoji imewatoa dada watatu: Ejegayehu Dibaba alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 2004, Tirunesh alipata dhahabu mbili mwaka 2008 na moja mwaka 2012, na Genzebe akapata fedha mwaka 2016. Kabla yao alikuwapo binamu yao, Derartu Tulu, aliyeshinda mita 10,000 huko Barcelona mwaka 1992. Watu hupenda kusema kwamba hiyo ni damu. Yawezekana damu ina sehemu yake. Lakini mtoto wa kike ambaye binamu yake amerudi nyumbani na dhahabu hahitaji kuambiwa kwamba kukimbia kwawezekana kwa mtu kama yeye. Maji hufuata mkondo.

Hatuwataji hao ili kila nyumba ya Mitundu ianze kumtafuta Simbu wake. La hasha. Nyumba ikitafuta bingwa, itampata mmoja na kuwaacha watano. Tunalolitaka ni dogo kuliko hilo, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hilo: kwamba kila nyumba iwe na jambo lake moja la mwili ambalo wote hulifanya, na ambalo wote hulitaja kuwa ni lao.

Jambo lenyewe lichaguliwe na wenyewe. Nyumba moja itasema, sisi ni watu wa kutembea: Jumapili twaenda kanisani kwa miguu, au Ijumaa twaenda msikitini kwa miguu, hata kama jirani ametupa nafasi katika pikipiki yake. Nyingine itasema, sisi ni warina asali: na mzinga ukaguliwapo, watoto wenye umri wa kutosha hufuatana na mzee porini, hujifunza kuutambua mti, kupanda, kukaa kimya. Nyingine yaweza kuwa nyumba ya rede. Mchezo huo hautaki ila mpira wa soksi na uwanja mdogo uliofagiwa, na mama aliyeucheza alipokuwa msichana hajausahau, ajapojifanya kwamba ameusahau. Tuseme mama huyo, jioni moja ya mwezi wa Julai baada ya mavuno, aweke kanga yake vizuri kiunoni na kusimama katikati ya uwanja wakati wanawe wamtupia mpira kutoka pande mbili. Watacheka mpaka walie. Kesho yake shuleni watamsimulia kila mtu kwamba mama yao hapigwi. Siku ile, pasipo hotuba yoyote, nyumba hiyo imepata jina.

Wala fedha si kikwazo. Twasema hivi kwa kuwa wako watu, hasa sisi wafanyakazi wa mjini, ambao wakisikia neno mazoezi hufikiri viatu vya bei kubwa. Kombolela, kuruka kamba, kusukuma tairi kuukuu la baiskeli kwa kijiti, kukimbizana hadi mwembeni na kurudi, vyote hivyo ni bure. Ghali ni kimoja tu, nacho ni mzazi mwenyewe. Hakuna "sisi" ambamo baba na mama hawamo. Baba asemaye, "Haya, nendeni mkakimbie," huku amelala katika kiti cha uvivu chini ya mti, amewaambia watoto mambo mawili, moja kwa mdomo na moja kwa mwili, nao watalishika la mwili. Baba akiwa hawezi kukimbia, na atembee. Asipoweza kutembea kwa ugonjwa au uzee, na ahesabu, awe mwamuzi, awe mwenye kusimulia jinsi alivyokuwa. Bibi aliyeketi kizingitini akishangilia amo katika mchezo. Aliyeketi na simu yake hayumo.

Hapa pana jambo zito ambalo hatuna budi kulitaja kwa uwazi, nalo ni la watoto wa kike. Katika hesabu zile za mwaka 2016 ilionekana kwamba wasichana 85 katika kila mia hawakufikia kiasi kitakiwacho, na wavulana ni 78. Mtu wa shamba atasema kwamba hesabu hiyo haimhusu, kwani binti yake afanya kazi kuliko kaka zake. Ni kweli, na hapo ndipo penye dhuluma. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Na binti aibebaye kichwani kutoka kisimani ametumia mwili wake kuliko mchezaji yeyote. Lakini hakuichagua safari hiyo, hakuna aliyemshangilia alipofika, na akiitua ndoo asikia makelele ya kaka zake walio kiwanjani na chandimu yao tangu waliporudi shuleni. Mwili wake umechoka lakini haujacheza. Akikua na kupata bomba la maji ndani ya nyumba, atamshukuru Mungu na kukaa, na ni nani awezaye kumlaumu?

Kwa hiyo nyumba ijiitayo "nyumba ya michezo", na ambayo wasichana wake hubaki jikoni mchezo uchezwapo, ijue kwamba imejiita kwa jina la nusu ya watu wake. Dawa ni ya kawaida, ila yataka baba mwenye msimamo: ndoo zigawanywe, kaka abebe na dada abebe, kisha wote waende kuchezea mahali pamoja. Wako watakaonong'ona kwamba mvulana kubeba ndoo ni aibu. Waache wanong'one. Mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika nzima iliyofanyika Brazzaville, medali ya fedha ya kurusha mkuki ilichukuliwa na mwanamke Mtanzania, Theresia Dismas. Mwaka huo taifa letu lilikuwa bado changa mno, na mwanamke alikuwa amekwisha kuliinua jina lake kwa mkono wake.

Jambo jingine la kuangaliwa ni hili, kwamba jina la nyumba lisigeuzwe fimbo. Mtoto aliye mnene, au mwenye mguu mbovu, au mwenye pumu, au mwoga tu kwa tabia, akiambiwa kila siku "sisi kwetu hatuna wavivu," hatakimbia zaidi. Atajifunza kwamba yeye si wa kwao. Hilo ni jeraha baya kuliko unene. Tumkumbuke John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyekwenda Mexico mwaka 1968 kutuwakilisha katika marathoni ya Olimpiki. Alianguka njiani, goti likaumia, wenziwe wakamwacha. Mshindi alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa nzima, na giza lilikuwa limeingia, alipoonekana Akhwari akichechemea na bandeji mguuni, akauzunguka uwanja mpaka mwisho. Katika orodha ya waliomaliza alikuwa wa mwisho kabisa. Leo watu wengi duniani walikumbuka jina lake kuliko la aliyeshinda. Nyumba inayoisimulia habari hiyo kwa watoto wake imempa nafasi kila mmoja, hata yule ambaye hatapata medali maisha yake yote.

Na ndugu zetu walioondoka Mitundu je, walio wafanyakazi katika reli, viwandani, shuleni na maofisini? Hao ndio tunaowahofia zaidi, kwani kwao lazima imekwisha kuondoka. Mtoto wao akiulizwa "kwenu ni wapi?" hutaja Mitundu, lakini Mitundu yenyewe haijui ila kwa picha. Likizo ya Desemba ikifika na jamaa wakisafiri kwenda kuwaona wazee, yafaa watoto hao wasitunzwe kama mayai. Mpeni mtoto wa mjini binamu zake waongozane naye machungani siku mbili tatu. Atachubuka, atalalamika, atachekwa kwa sababu hajui kuvuka kijito. Ndivyo utani wa ukoo ulivyo, wala haumwui mtu. Akirudi mjini atakuwa na la kusema: "Sisi kwetu twatembea." Na baba akiyasikia maneno hayo, ayashike papo hapo, kesho yake waende pamoja kwa miguu hadi kituo cha basi cha mbali, wakikiacha kile kilicho karibu.

Zamani shule zetu nyingi za msingi zilianza siku kwa mchakamchaka, watoto wakikimbia kwa mistari na kuitikia nyimbo alfajiri. Aliyepitia huko hajasahau. Wengi wetu hatukukimbia kwa sababu ya afya, wala hakuna aliyetufafanulia moyo na mapafu. Tulikimbia kwa kuwa darasa letu lisingekubali kushindwa na darasa la jirani. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama akaenda kwa miguu mpaka Mwanza, na watu wa mikoa mbalimbali walikuwa wametembea vivyo hivyo kuliunga mkono Azimio. Rais alikuwa na gari. Hakuna aliyemwona njiani akadhani kwamba ametembea kwa shida.

Sisi twapendekeza kwa wazee wa Mitundu, na kwa kamati za shule za huko, jaribio lisilo na gharama. Siku moja ya kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, yawekwe mashindano ya nyumba kwa nyumba. Asiandikishwe mtu mmoja mmoja. Ziandikishwe nyumba, kila moja kwa jina lake, baba, mama, watoto, na bibi akitaka. Ipimwe njia ya kilomita mbili au tatu, kutoka shuleni hadi mti unaojulikana na kurudi. Wenye mbio wakimbie, wenye kutembea watembee, mchanga abebwe mgongoni, kaka akimwona mdogo wake amechoka arudi akamshike mkono. Waamuzi wasiandike saa aliyofika wa kwanza wa nyumba hiyo. Waandike saa aliyovuka mstari mtu wao wa mwisho. Na zawadi iwe debe la asali ya huko huko, likabidhiwe kwa mtoto mdogo kuliko wote katika nyumba iliyoshinda, alibebe yeye hadi kwao, akisaidiwa.